Kinoo cha babu: jiwe la manjano la kunolea wembe, limelowa mawese na lina bonde katikati. Naomba tusaidiane kulitunza

Mjukuu wa Kinyozi

Wakuu habari za muda huu, shikamooni wakubwa zangu wote. Uzi huu utakuwa mrefu naomba mnivumilie, jambo lenyewe liko moyoni na sina mtu wa karibu wa kumuuliza maana wazee waliokuwa wanajua hii kazi hapa Kigoma wamebaki wa kuhesabu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa kinyozi. Alianzia kunyoa ng'ambo ya ziwa, Albertville, ndiyo hiyo Kalemie ya sasa, miaka ya 1950, wateja wake makarani na watu wa reli, halafu mambo ya Kongo yalipochafuka baada ya 1960 akavuka kurudi Ujiji na kasanduku kake ka kazi. Humo ndani mlikuwa na nyembe mbili za kukunja zimeandikwa Solingen (mji wa Ujerumani wa watengeneza visu), mkanda wa ngozi, brashi ya povu, na kinoo. Alinyolea chini ya mwembe mpaka mimi nimezaliwa nikamkuta ameshaacha. Alipofariki kasanduku kakabaki kwa shangazi na sasa shangazi amenikabidhi mimi, anasema wewe ndiyo una saluni, vitu vya kinyozi vikae kwa kinyozi.

Sasa hicho kinoo. Urefu wake kama sentimita 20, upana 5, juu ni manjano ya siagi, kina vidoti vyeusi vidogo vidogo kama pilipili manga, chini ni jiwe jingine la zambarau iliyokolea kama ganda la bilinganya, na katikati ya hayo mawili ukitazama kwa ubavuni unaona mstari mwembamba wa gundi. Kona moja imemeguka. Katikati kina bonde, ukilaza rula unaona mwanga unapita chini yake. Pia kulikuwa na kajiwe kadogo ka rangi ileile ya manjano, ukubwa wa kiberiti, shangazi alikuwa anadhani ni ile kona iliyomeguka akataka kukatupa, lakini nimejaribu kukapachika pale hakakai kabisa, kana umbo lake.

Tatizo ni kwamba shangazi kwa miaka mingi alikuwa ananolea visu vya jikoni juu yake, na ili kisu kiteleze vizuri alikuwa anadondoshea mawese. Si mnajua huku kwetu mawese ndiyo mafuta. Yameganda, uso wote una ngozi ya kahawia inayonata, wembe ukiupitisha unateleza tu kama juu ya mshumaa. Simlaumu shangazi hata kidogo, kama si yeye hilo jiwe lingeshapotea.

Naomba kujua, hilo jiwe ni nini hasa, mawese yanatokaje bila kuliharibu, na lile bonde nilisawazishe au niliache? Hilo la tatu ndilo linaloninyima usingizi, maana lile bonde ni mkono wa babu, ni miaka yake yote ya kazi imelala pale.

Seremala wa Tabora

Mkuu pole na hongera. Mimi randa na patasi zangu nanoa kwenye jiwe la dukani, likiingia bonde nalimwagia maji nalisugua kwenye sakafu ya saruji linanyooka. Fanya hivyo tu, nusu saa umemaliza.

Mjukuu wa Kinyozi

Shukrani mkuu. Ngoja nisubiri na wengine, sakafu yangu yenyewe ina mawimbi.

Mwana Lubumbashi

Jambo bakubwa. Miye nasoma uzi hii toka Liège ku Ubelgiji, nilizaliwa Lubumbashi kwa hiyo Kiswahili yangu ni ya kule, munisamehe.

Ndugu, ile jiwe naijua. Ni ya huku. Inaitwa kotikuli, inatoka ku milima ya Ardennes, upande wa Vielsalm, Salmchâteau na Lierneux. Kule Salmchâteau kuko museo ya ile jiwe, ndani ya atelie ya zamani kwenye walikuwa wanaikata, miye nilienda na batoto. Ile manjano inalala chini ya udongo kama mishipa, myembamba sana, katikati ya sleti ya zambarau. Bazee walikuwa banafuata ule mshipa chini kwa chini na taa na tindo, banatoa vipande, banavikata. Na sababu ile manjano ni nyembamba na inavunjika mbio, banaibandika juu ya sleti ili ipate nguvu. Ndiyo ule mstari wa gundi unaona. Iko na ingine yenye haikubandikwa, imezaliwa pamoja na sleti yake, lakini yako kama unaona gundi basi ni ya kubandika, na haipunguze kitu.

Kila mshipa walikuwa banaupa jina, Veinette, Grosse Blanche, Dressante. Mutu akikuambia kwa picha tu kama yako ni ya mshipa fulani usimwamini sana, rangi inadanganya. Kazi ile ilikufa kwenye miaka ya 1980, kisha wakaianzisha tena kidogo kidogo miaka ya 1990, sasa inaendelea lakini si kama zamani. Babu wako kama alikuwa Albertville wakati wa Babeleji, haishangaze kuwa nayo, ilikuwa kwao.

Na kale kajiwe kadogo usikatupe, nakuomba. Ni mutoto wa ile kubwa. Unakasugua juu yake na maji, inatoa tope, na ile tope ndiyo inakata chuma.

Jambo ya mwisho, sakafu ya saruji HAPANA.

Dalali wa Vito

Naunga mkono hapo mwisho, saruji ina mchanga ndani, itaacha mikwaruzo ambayo utaitafuta mwaka mzima.

Mimi niko Arusha kwenye biashara ya mawe, niwaongezee kidogo maana nimefurahi kuona jiwe linazungumziwa pasipo mtu kuulizia bei. Kinachokata ndani ya hiyo kotikuli ni ganeti, madini magumu ya jamii ya vito, na si ganeti yoyote, ni spesataini, jamii ileile ya zile za rangi ya chungwa zinazotoka Loliondo ambazo hapa mjini tunakata za pete. Tofauti ni ukubwa tu. Za Loliondo unaishika kwa kibano, hizo za Ubelgiji ni mikroni 5 mpaka 20 hivi, yaani unywele mmoja wa kichwani ni mnene mara kadhaa kuliko punje moja, na zimebanwa ndani ya unga laini wa maika (mica) na kwazi (quartz). Ganeti ikikua vizuri inakuwa na nyuso 12, ni kama kampira kenye kona butu, haina ncha kali kama ya kioo kilichovunjika. Kwa hiyo haichimbi chuma mitaro mirefu, inakiparua juu juu. Ukinielewa hapo utaelewa kwa nini wazee waliipenda kwa wembe unaogusa ngozi ya mtu.

Na punje moja ya mchanga wa ziwani ikiingia kati ya wembe na hilo jiwe, kazi yako yote ya jioni imeisha. Maji yako yachuje.

Mjukuu wa Kinyozi

Wakuu nimekaa kimya wiki mbili sikuwa nimekimbia, nilikuwa nasafisha. Niseme kwanza, Mwana Lubumbashi Mungu akubariki, niliposoma "mtoto wa ile kubwa" nilikwenda kukachukua kale kajiwe kwenye kopo la misumari nilikokuwa nimekatupia nikakaosha nikakaweka kwenye kitambaa.

Sasa niwaeleze nilivyofanya mawese maana najua kuna mtu siku moja atafika hapa akitafuta hilihili.

Nilianza na lililo dogo. Maji ya uvuguvugu, ya kumwogeshea mtoto, si ya moto. Kuna rafiki alinishauri nichemshe kabisa mafuta yaelee, nikamwambia hapana, humu kuna gundi ya miaka zaidi ya 60 sijui ni ya aina gani, na mawe mawili tofauti yaliyobandikwa hayatanuki sawasawa yakipata moto, nikichemsha naweza kutoa vipande viwili sufuriani. Kwa sababu hiyohiyo usilianike juani likauke, likauke kivulini. Basi maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mswaki wa zamani uliolainika, nasugua dakika kumi nasuuza. Mara ya kwanza povu lilitoka rangi ya chungwa kabisa. Nikarudia siku nne, asubuhi na jioni. Ngozi ya juu ilitoka yote na chini yake likaonekana jiwe jeupe kama krimu, nikamwita mke wangu aje aone.

Nilichojifunza ni kwamba hili jiwe limeshikana sana, halinywi. Ndiyo maana hata kulitumia huliloweki kwenye ndoo kama yale mawe mengine, unadondoshea maji juu inatosha. Kwa hiyo mawese hayakuwa yamezama, yalikuwa yamekaa juu na kwenye nyufa. Kama lingekuwa jiwe la kunywa basi leo ningekuwa nalia.

Pale kwenye kona iliyomeguka na kwenye ufa mmoja mwembamba ndiko yalikogoma. Hapo nilichukua kitambaa nikakilowesha mafuta ya taa kidogo sana nikapangusa, nikihakikisha hayafiki kwenye mstari wa gundi, nikafuata na sabuni. Yakabaki kidogo. Nikasaga chaki ya shule nikachanganya na spiriti ikawa kama dawa ya meno, nikaibandika juu ya ule ufa nikaifunika na nailoni usiku kucha, asubuhi imekauka na imegeuka rangi ya chai. Mara tatu. Imebaki kivuli chepesi cha kahawia, hicho nimekiacha.

Msije mkatumia asidi ya betri wala ya kusafishia vyoo. Kuna mtu ataliona doa halitoki atapata hasira. Doa halinoi wala halizuii kunoa.

Dada Nesi

Kaka hongera kwa uvumilivu. Samahani nitauliza swali ambalo huenda halipendezi. Umesema una saluni. Huo wembe ukishanoleka unaupeleka kwa wateja? Maana naona kwenye mitandao vijana wanarudisha mtindo wa wembe wa kukunja saluni na wanaupangusa tu kwa taulo wanahamia kwa mtu mwingine.

Mjukuu wa Kinyozi

Dada yangu hilo swali linapendeza sana, na ni zuri umelileta kabla mtu hajaiga vibaya.

Hapana. Saluni kwangu ni wembe mpya kila mteja, kiwembe kinafunguliwa kwenye karatasi mbele yake na kinatupwa mbele yake. Wembe wa babu unagusa uso wangu peke yake.

Na nikuambie, hiyo ndiyo sababu babu aliacha. Baba ameniambia. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi hapa nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, haikuchukua muda mrefu habari zikaenea kanda yote hii, na tangazo kila mahali likawa msichangie nyembe. Babu alikuwa ana nyembe mbili na mji mzima. Alikuwa anazichovya kwenye maji ya moto na dettol, lakini wateja walianza kupungua, wengine wakawa wanakuja na viwembe vyao mfukoni wanamwambia mzee ninyoe na hiki. Akawanyoa na hivyo mwaka mmoja miwili, halafu siku moja akafunga kasanduku. Hakugombana na mtu. Alisema watu wana haki ya kuogopa damu. Kwa hiyo kile kinoo hakikustaafu kwa sababu ya uchakavu, kilikosa tu wembe wa kunoa, ndipo kikahamia jikoni.

Mimi nikikitunza leo sirudishi ule utaratibu. Hata homa ya ini inapita kwenye tone la damu usiloliona.

Dada Nesi

Asante sana kaka. Hapo moyo wangu umetulia, endelea na somo.

Seremala wa Tabora

Nakubali kusahihishwa kuhusu saruji, nilijibu nikiwaza patasi. Sasa bonde umeamuaje mkuu? Nasubiri hapo.

Mjukuu wa Kinyozi

Mkuu wangu wala usijali, ulikuwa wa kwanza kunijibu na sitasahau.

Bonde. Nililala nalo siku nyingi. Wembe wa kukunja si kama kisu, makali yake na mgongo wake vyote viwili vinalala juu ya jiwe kwa pamoja, mgongo ndio unaoshika pembe, wewe huna kazi ya kukadiria. Jiwe likiwa na bonde, makali yanaguswa huku na hayaguswi kule, unapata wembe unaonyoa ncha mbili na katikati unavuta ndevu. Babu aliweza kunoa juu ya bonde lake kwa sababu yeye na wembe wake na jiwe vilichakaa pamoja, mkono wake ulikuwa unajua njia. Mkono wangu haujui. Nilijaribu kama lilivyo, nikajikata kidevu.

Kwanza nikapima. Hili ni muhimu kuliko msasa wenyewe, geuza jiwe ubavuni utazame manjano imebaki unene gani, maana kuna mawe yamechakaa mpaka manjano ni kama karatasi na ukisawazisha unatokea kwenye sleti. Langu kwenye ncha lina milimita 7, katikati 5 na ushee. Yaani bonde ni kama milimita moja na nusu hivi.

Hapo ndipo kitu kikanijia nikiwa nimekaa naliangalia. Ukisawazisha jiwe lenye bonde, pale katikati hapaguswi. Msasa ukiwa bapa unakula ncha mbili, unazishusha mpaka zifike usawa wa katikati. Kwa hiyo kazi ya babu haiondoki, zinaondoka zile sehemu ambazo yeye hakuzifanyia kazi. Mimi nazishusha zimfuate alipofika. Sijui kama mnanielewa lakini mimi nilipata amani kubwa sana jioni ile, nikampigia shangazi simu nikamweleza akanyamaza kidogo akasema haya basi mwanangu, endelea.

Nilinunua kwa fundi vioo kipande cha kioo kinene cha milimita 6, nikakilaza juu ya meza iliyonyooka, juu yake msasa wa maji namba 220, nikaumwagia maji ukajishika wenyewe. Jiwe nikalichora viboksi vya penseli uso mzima. Halafu taratibu, bila kukandamiza, nasugua kwa mzunguko kama namba nane, nageuza jiwe kichwa mbele nyuma kila baada ya muda ili mkono wenye nguvu usile upande mmoja. Penseli zinafutika ncha kwanza, unachora tena, zinafutika zikielekea katikati. Jioni tatu. Muda wote maji, maji, maji, kamwe usilisugue kavu, vumbi lake lina kwazi na likiingia mapafuni halitoki, waulizeni wachimbaji wa dhahabu.

Ilipobaki sehemu ya penseli katikati ukubwa wa sarafu ya shilingi 200 nikasimama. Ningeweza kuendelea dakika kumi nyingine ikaisha. Sikuendelea. Wembe unapita juu ya hiyo sarafu hauhisi chochote maana kina chake ni chini ya unene wa karatasi, na penseli nimeiosha, lakini mimi najua ilipo. Pale ni uso uleule aliouacha babu.

Baada ya hapo msasa namba 400, halafu 600, na kila unapohama namba osha jiwe, osha kioo, osha mikono, maana punje ya msasa mnene ikibaki itakuchora. Kingo zote nne nikazipunguza kwa msasa ziwe mviringo kidogo, kingo kali ya jiwe ikigongana na makali ya wembe inayamega. Ile kona iliyomeguka nikailainisha tu ilivyo. Ule ufa nikaupaka vanishi nyembamba ubavuni maji yasiwe yanaingia, wengine nasikia wanatumia rangi ya kucha isiyo na rangi, ni yaleyale. Chini kwenye sleti sikugusa kabisa, na kama jiwe lako lina karatasi ya lebo ya zamani au mwandiko wa mtu chini, usilitie maji kabla hujalifunika.

Dalali wa Vito

Mkuu hiyo sarafu umenigusa. Swali, lile tope lililotoka wakati unasawazisha umelimwaga? Nimesoma kwamba watu wanalikausha wanapaka kwenye upande wa kitambaa wa mkanda wa kusugulia wembe, maana ni unga wa ganeti mtupu.

Mjukuu wa Kinyozi

Nililitamani nikalimwaga. Lile lina punje za msasa ndani, na punje za msasa ni kali na ni kubwa kuliko hizo ganeti zako, ukipaka kwenye mkanda umeuharibu mkanda na wembe. Ila tope linalotoka kwa kusugua kale kajiwe kadogo juu ya lile jiwe kubwa hilo ni safi, hilo unaweza kulikausha na kulitumia. Nimeweka kidogo kwenye kopo la filamu ya kamera.

Mwana Lubumbashi

Ndugu umefanya muzuri sana. Sasa ueleze bantu namna unanoa, maana kuwa na jiwe na kujua kunoa ni mambo mbili.

Mjukuu wa Kinyozi

Naeleza nilivyofika mimi, wenye uzoefu zaidi wanisahihishe.

Mgongo wa wembe naubandika tepu ya umeme tabaka moja usichakae. Nadondosha maji, nasugua kajiwe kadogo mpaka tope linakuwa kama maziwa. Wembe unalala bapa, mgongo na makali vyote vimegusa, nasukuma MAKALI MBELE kama nataka kukwangua utandu mwembamba juu ya jiwe, kwa mshazari, naanzia kisigino, yaani upande wa mpini, namalizia ncha, kwa sababu jiwe ni jembamba kuliko urefu wa wembe. Ukifika mwisho unaugeuza juu ya mgongo wake, usiugeuze juu ya makali. Uzito ni wa wembe wenyewe. Kosa langu la miezi miwili lilikuwa kukandamiza, ule wembe katikati ni mwembamba kama jani la muwa, ukikandamiza unapinda na makali yanainuka.

Tope zito linakata haraka lakini haliwezi kumaliza, maana makali yanapita yakigonga zile punje zinazoelea na yanabutuka kidogo kila mara. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa wanasema jiwe bovu. Unachofanya, wembe ukishaanza kunyoa malaika ya mkono, yaani vile vinywele laini, unadondosha tone moja la maji, mara kumi kumi na tano, tone jingine, mara kumi tena, tope linazidi kuwa jepesi mpaka limekuwa maji yenye ukungu, mpaka maji matupu. Mimi inanichukua kama dakika 40. Mwisho unaosha jiwe kabisa na kumalizia na maji safi mara 50 hivi, hapo unahisi wembe unaanza kunyonywa na jiwe, unashikashika kidogo. Halafu mkanda, kitambaa kwanza kisha ngozi, na huko ni MGONGO MBELE, ukisahau ukaenda makali mbele unaukata mkanda.

Kupima, wazungu kwenye video wananing'iniza unywele mmoja wanaugusisha na makali ukatike. Kwa nywele zetu za kipilipili mimi naona haitoi jibu la kuaminika, unywele unajikunja na unene wake unabadilika hapohapo. Napima kwa malaika ya mkono, wembe ukiwa juu ya ngozi bila kuigusa, kama malaika zinakatika hewani basi tayari.

Kuhusu vipele vya ndevu, ambavyo nadhani nusu ya wanaume humu vinawatesa, mimi vilikuwa vimenikaa shingoni toka nina miaka 19. Siwezi kumwahidi mtu. Nilichoona kwangu ni kwamba kwa huu wembe, nikipita mara moja tu kufuata ndevu zinakoelekea na nisizikate chini sana, vimepungua mno. Makali ya hili jiwe ni ya upole, yananyoa lakini hayaunguzi ngozi. Ukipita kinyume ukitaka ulaini wa kidevu cha mtoto, vinarudi vyote.

Seremala wa Tabora

Na kuhifadhi? Maana huko kwenu unyevu wa ziwa ni mkubwa.

Mjukuu wa Kinyozi

Nikimaliza nasuuza, nafuta kwa kitambaa cha pamba, naliacha limesimama kwa ubavu wake juu ya rafu, kivulini, mpaka kesho yake. Halafu ndipo linaingia kwenye kasanduku. Babu alikuwa amelifungia likiwa na maji, mbao chini zimeoza na gundi upande mmoja imeanza kuachia kama upana wa kucha, nimeijaza gundi ya ipoksi nikaibana na kamba siku nzima. Wembe nao silazi pamoja na jiwe, wembe unapakwa mafuta ya cherehani na kukaa pake, na jiwe halitakiwi kuonja mafuta tena. Silitumii kwa kisu wala mkasi wala mashine ya saluni. Kulisawazisha tena sidhani kama nitalazimika miaka mingi, wembe mmoja wa mtu mmoja haulili, nanoa kila baada ya miezi mitatu minne, siku nyingine ni mkanda tu.

Na kamwe lisianguke. Naliweka juu ya kitambaa kilicholoana ili lisiteleze mezani, na meza iko mbali na watoto.

Binti wa Kalemie

Habari zenu. Nimesoma uzi wote toka mwanzo. Marehemu baba yangu naye alikuwa na jiwe kama hili, nimelitoa kabatini sasa hivi, la manjano juu na zambarau chini, lakini halina bonde, na manjano ni nyembamba sana kama ukucha. Ndugu yangu anataka tulipige msasa ling'ae. Tufanye?

Mjukuu wa Kinyozi

Dada msipige msasa. Kama halina bonde halina cha kusawazishwa, na manjano nyembamba hivyo kila msasa unaopita unakula kilichobaki. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, likaushe kivulini, halafu laza rula juu yake kwa urefu na kwa kona hadi kona utazame kama kuna mwanga. Kisha nipigie picha ya ubavu, karibu, mwanga wa dirishani, nataka kuona huo mstari wa katikati kama ni gundi au limezaliwa pamoja. Na utafute kabatini vizuri, chini ya karatasi, kwenye makopo ya misumari, kama kuna kajiwe kadogo ka rangi hiyohiyo.